Kupiga picha za juu kwa tiara huku Jambiani: nitengeneze nini na nisimame wapi?

mtoto_wa_mwani (Jambiani)

Asalaam aleykum wanajamvi. Nna suali na naomba msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Mama yangu na wenzake wanalima mwani huku kwetu na tokea mwaka jana pana mvutano wa mipaka, huyu anasema mapegi yake (vile vijiti vya kufungia kamba za mwani) yalikuwepo kabla, yule anasema kamba zake zimesogezwa, na mchanga nao umehama umefunika pahala ambapo zamani ndo palikuwa pazuri kabisa. Kila mtu ana ramani yake kichwani. Mie nikasema hapa pakipigwa picha kutoka juu maneno yatapungua. Droni sina, na vibali vyake ni nenda rudi mpaka viatu viishe. Nikakumbuka tiara tulizokuwa tukirusha utotoni, nikaingia mtandaoni nikakuta watu wanafunga kamera kwenye tiara wanapiga picha safi kabisa, na wala si jambo jipya, Mfaransa mmoja Arthur Batut alifanya hivo tokea 1888.

Basi nikajitengenezea. Tiara ya pembe nne ya kawaida ila kubwa, ukiisimamisha inanifika kifuani, fito za mwanzi, kitambaa nimekitoa kwenye miavuli miwili mibovu. Simu ya zamani ya kaka yangu, kioo kimepasuka lakini kamera yake nzima. Nikaifunga kwa lastiki na tepu hapo hapo kwenye ufito wa katikati. Mshipi wa nailoni wa kuvulia. Nikenda ufukweni saa kumi jioni maji yamejaa, upepo unavuma vizuri, watoto wa mtaa mzima nyuma yangu.

Ikapanda, ikaanza kuzunguka kama pia, ikajibwaga mchangani mara tatu, ya nne ikatua juu ya paa la makuti la jirani. Mshipi umenichana kidole cha shahada, mpaka leo nikitia mkono kwenye maji ya chumvi nakumbuka. Nilipofungua simu nimekuta picha 214. Nyingi ni ukungu mtupu, kadhaa ni mbingu, moja nzuri sana imetoka ya kisigino changu. Bahari imeonekana kwenye moja tu, nayo imelala ubavu.

Sasa wenye kujua nambieni, tiara ya namna gani, simu naifungaje isicheze, na hasa nisimame wapi na saa ngapi. Mfuko wangu mdogo, msinambie niagize vitu Ulaya.

fundi_kishada (Jang'ombe)

Wa aleykum salaam. Kisigino hahahaa, hiyo itie fremu yakhe.

Kosa lako kubwa ni moja, simu haifungwi kwenye tiara. Tiara kazi yake ni kucheza, ikichezacheza na simu inacheza nayo. Simu inaning'inia kwenye uzi, chini ya tiara kama mita 25 au 30. Unairusha tiara kwanza peke yake, unaiacha itulie, uone haivutwi kushoto wala kulia kwa dakika kumi, ndo unafunga simu kwenye uzi halafu unaachia uzi zaidi simu ipande. Faida yake ya pili hata tiara ikishuka ghafla una nafasi ya kurudi nyuma mbio ikapata upepo tena kabla simu haijagusa chini. Ilivyokuwa yako, tiara ikianguka na simu ishaanguka.

La pili umbo. Hiyo ya pembe nne bila mkia mrefu haitulii, na mkia ukiuongeza inakuwa nzito. Mie nakushauri ile ya Kijapani ya pembe sita, wanaiita rokkaku. Ufito mmoja wa wima, miwili ya kukingama, na hiyo miwili unaivuta nyuma kwa uzi ipinde kama upinde wa mshale. Huko kupinda ndo kunaifanya itulie bila mkia. Urefu mita 2, upana mita 1 na sentimita 60, inabeba simu na kifungio chake bila wasiwasi kwenye upepo wa wastani. Ukitaka kujua uwiano wako ni sawa chukua urefu gawa kwa tano zidisha kwa nne, huo ndo upana. Upepo ukiwa mkali pinda zaidi, ukiwa mpole legeza.

Kitambaa cha mwavuli si kibaya ila kinavuta maji. Wewe uko jirani na Paje, kule wanaocheza na kaiti za baharini wana matambara kibao yaliyochanika, ule ndo ufalme wa kitambaa, hakipitishi upepo na hakichaniki ukakimbia. Omba au nunua kwa bei ya chakavu. Mpe fundi cherehani ashone mshono wa kukunja mara mbili, na kwenye pembe zote sita atie kiraka, hapo ndo panapofumuka. Mwanzi unafaa, ila uchane uwe mkavu na kabla hujafunga uweke katikati juu ya kidole. Ukilalia upande mmoja kwangua upande mzito mpaka ulale sawa. Watu wanaruka hapo halafu wanashangaa tiara inakimbilia kushoto siku zote.

Uzi: achana na ule mshipi wa nailoni moja. Unanyumbuka kama lastiki, simu inaruka juu chini, na umeshaona unavyokata. Tafuta uzi wa kusuka wa poliesta, uvumilivu wake kilo 70 kwenda juu, mita 150 zinatosha. Glavu za ngozi za kazi, hili sikubembelezi. Upepo ukizidi mara mbili mvuto unazidi mara nne, si mara mbili, ndo mana watu hushtukizwa. Na ncha ya uzi usijifunge kiunoni wala mkononi, funga kwenye gunia la mchanga.

Kushusha nako kuna ufundi. Usivute kwa mikono uzi ukakurundikia miguuni. Chukua kapi dogo lile la mashua, ncha ya uzi iko kwenye gunia, mwenzako anapitisha kapi juu ya uzi anatembea nalo kuelekea tiara huku akilikandamiza chini. Tiara yenyewe inashuka kwa adabu, na simu inamfikia mkononi.

Na kabla simu haijapanda hata siku moja, chukua chupa ya maji ya nusu lita, itie mchanga mpaka mizani ya dukani iseme gramu 400, rusha hiyo siku tatu. Chupa ikirudi salama siku zote tatu simu nayo itarudi.

mwenda_haraka

Yote hayo ya nini, kodi droni mtu akupigie nusu saa umemaliza. Tiara ni mchezo wa watoto.

mwana_ramani (Tunguu)

@mwenda_haraka droni inahitaji usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na betri yake kwenye upepo wa kusi wa mwezi wa saba haichukui muda. Tiara inakaa juu saa mbili bila kuchaji. Na huo mchezo wa watoto, mwaka 1906 George Lawrence wa Marekani alipandisha kwa tiara 17 kamera yenye uzito wa kilo 20 na zaidi akapiga mji wa San Francisco baada ya tetemeko na moto, picha bado zinaangaliwa mpaka leo.

@mtoto_wa_mwani mambo ya kamera ntakuja kuyaandika jioni, nimo kazini.

nahodha_mstaafu (Mkokotoni)

Kijana mie tiara sijarusha toka utotoni lakini upepo na maji naujua, na nasoma hapa naona wote mnazungumza kitambaa na uzi na aliyeuliza asimame wapi hajajibiwa.

Huko kwenu pwani ya mashariki. Kusi ikivuma inatoka baharini kusini mashariki, maana yake tiara yako itakwenda bara, juu ya nyumba na minazi na nyaya za umeme. Kaskazi nayo inatoka kaskazini mashariki, vilevile inakusukuma bara ila upande wa pili. Kwa hivo ukisimama ufukweni kama ulivyosimama, hata tiara ingekuwa ya dhahabu usingepiga mwani hata siku moja, ungepiga makuti ya jirani tu, na ndo yaliyokukuta. Wewe usimame nje, upande wa bahari wa mashamba, tiara ikaekwe na upepo juu ya mashamba. Na huko nje huwezi kusimama mpaka maji yatoke.

Sasa hesabu ya maji. Bamvua, mwezi ukiwa mchanga au umekamilika, maji yetu yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yanatoka kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Wewe ulikwenda saa kumi jioni siku ya bamvua, yaani wakati ule hasa maji yamejaa ndi! Ungemuuliza mama yako angekwambia, yeye hendi shamba kwa saa ya mkononi. Maji mafu usijisumbue, hayatoki ya kutosha na mashamba yatakuwa chini ya maji.

Na upepo nao una saa zake. Miezi hii ya kusi asubuhi mpole, jua likipanda unakaza, adhuhuri unakuwa mkali. Saa tatu mpaka saa nne na nusu za bamvua ndo mlango wako, maji nje, upepo wa kiasi. Angalia makuti, yakitikisika ncha mfululizo bila mnazi wenyewe kuyumba twende. Ukiona nje ya mwamba bahari imejaa povu jeupe rudi nyumbani ukanywe chai. Na wakati wa tanga mbili, kusi imekufa kaskazi haijashika, tia tiara yako darini, upepo wa maleleji unageuka ukiwa umeshika uzi mkononi.

Jambo la mwisho. Maji yakianza kurudi huko yanarudi kwa haraka na yanapita kwanza kwenye mikondo nyuma yako. Mwenye kuangalia juu haoni miguuni. Awepo mtu kazi yake ni kuangalia maji tu.

mtoto_wa_mwani (Jambiani)

Mzee wangu umenitoa tongo. Wallahi sikufikiria kabisa kwamba tatizo ni upande niliosimama. Na mama nilipomsomea kacheka mpaka kakaa chini, kasema "saa kumi ya bamvua alikwenda kupiga picha ya nini, ya samaki?"

mpemba_wa_wesha (Pemba)

Huku kwetu magharibi ni kinyume chake na nimelipa ada ya kujifunza. Mwaka juzi tulikwenda Ras Mkumbuu na mwenzangu tupige picha magofu, ule msikiti na makaburi yenye nguzo, pahala pazuri mana pako wazi na hapana waya hata mmoja. Kusi ikawa inatoka mgongoni inakwenda baharini. Tukaona poa, tiara haitaanguka juu ya nyumba ya mtu. Fundo likafunguka kwenye pete. Tiara ikenda zake inayumba kama mlevi, na kamera ndogo ya kuazima chini yake, tumeshika vichwa tunaitizama inakwenda, huenda wavuvi wa Shimoni walivua kamera siku ile. Mwenye kamera mpaka leo tukikutana dau la Wesha haniulizi hali, ananiuliza kamera.

Tokea hapo kamera naifunga na uzi wa pili wa akiba, mbali na fundo la kwanza, na kabla ya kurusha navuta kila fundo kwa uzito wangu wote. Upepo wa kwenda baharini sirushi kitu ambacho si changu.

mama_wa_kamba (Paje)

Mwanangu nimesoma nimefurahi ila kuna jambo wanaume wote hapo juu hawajalisema hata mmoja.

Shambani tunakuwa wanawake. Nguo zimerowa zimetushika, mwengine kajifunga kanga moja, mwengine mtandio kautundika kwenye pegi. Halafu unapita na jicho juu ya vichwa vyetu bila ya kusema, utasikia maneno ambayo hujawahi kuyasikia. Mwani ulipoanza huku mwaka 1989 wapo waume zetu waliokuwa hawataki hata tutoke, sisi tumezoea kupigania pahala petu, hutoanza wewe kutuchezea. Kaa na kina mama siku moja kabla, waoneshe simu yenyewe, waoneshe picha ya mfano kutoka juu waone mtu anaonekana kama mchwa. Waambie siku na saa. Atakayetaka kujisitiri ajisitiri, asiyetaka atoke shambani kwa saa hiyo.

Na kwa sheha uende. Si kwa barua ndefu, nenda kamwambie kwa mdomo, mana watu wakiona kitu angani hawakutafuti wewe, wanakwenda kwake, na akiwa hajui atakasirika kwa haki yake. Hao wanaogombana nao uwaite wote wawili wawepo siku ya kupiga. Picha iliyopigwa na mtoto wa upande mmoja kwa siri itakuwa kuni ya moto ule ule.

Halafu tiara yenu ikipita juu ya nyumba usipige. Uani kwa mtu ni chumba chake.

fundi_kishada (Jang'ombe)

Mama umesema kweli tumesahau kabisa, samahani.

Nimerudi kwa lile suali la simu isicheze. Tengeneza msalaba wa vijiti viwili vya mbao nyepesi, kila kimoja sentimita 25. Kwenye ncha zote nne tia pete ndogo za funguo. Kwenye uzi wa tiara utafunga ndoano mbili zilizoachana kama nusu mita, na kila ndoano ina pete. Halafu unachukua uzi mmoja mrefu mwembamba laini kama mita 6, unaupitisha: ndoano ya kwanza, ncha ya msalaba, ndoano ya pili, ncha nyengine, unarudi hivo hivo mpaka ncha zote nne zimepita, mwisho unaufunga na mwanzo wake ukawa duara moja. Uzi uwe unateleza ndani ya pete, usiufunge fundo pahala pengine. Tiara ikipanda uzi mkubwa ukawa umesimama zaidi, ule mdogo unateleza wenyewe na msalaba unabaki umelala sawa na ardhi. Hii kitu aliibuni Mfaransa Picavet, 1912 huko, na mpaka leo hapana mtu aliyeleta rahisi kuliko hiyo. Mara ya kwanza utausokota utatukana, fanya mezani kabla hujafika shamba.

Simu inakaa chini ya msalaba, kamera inaangalia chini wima. Mie naikata chupa ya plastiki ya lita moja u nusu naifanya kikombe, simu inaingia ndani na tundu la kamera, chupa inapokea kishindo ikianguka na chumvi haiifikii sana.

mwana_ramani (Tunguu)

Haya nimetoka kazini. Kwenye simu tia programu ya kupiga picha yenyewe kila baada ya sekunde 5, ziko za bure. Dakika 40 angani ni picha 480, hakikisha nafasi ipo. Usitumie otomatiki kama simu inakuruhusu kubadilisha, kasi ya shata (muda kamera inaofungua jicho) weka 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, fokasi ya mbali kabisa uifunge hapo hapo, mana ikiachiwa itahangaika na nusu ya picha zako zitakuwa ule ukungu. Asubuhi ya saa tatu mwanga unatosha kabisa. Zuia simu za watu zisiingie, mtu akikupigia katikati programu nyengine zinasimama. Na GPS iwashe.

Urefu: simu mie siipandishi zaidi ya mita 60. Naona ni kipimo cha busara, na nyinyi mko mbali na uwanja wa ndege. Watu wa karibu na Kiembesamaki wasijaribu kabisa. Utajuaje umefika mita 60? Tia alama ya rangi kwenye uzi kila mita 10. Uzi ukiwa na mwinuko wa nusu ya pembe mraba, mita 85 za uzi mpaka kwenye simu ni kama mita 60 za urefu. Kwa simu ya kawaida picha moja itachukua upana wa kama mita 80 na kila nukta ni kama sentimita 2. Kamba ya mwani unaiona, pegi unaliona.

Mng'aro wa maji ndo adui. Jua likiwa juu saa sita picha ya kuangalia chini inaingiwa na kioo cheupe katikati na chini yake huoni kitu. Kabla ya saa nne na nusu mng'aro unabaki nje ya picha au kwenye kona. Kwa hivo saa za mzee nahodha ndo saa za mwanga pia, mambo yote matatu yanakutana hapo hapo, bahati yenu.

Kuunganisha picha iwe ramani moja tumia programu ya OpenDroneMap, ni ya bure, ila kompyuta iwe na nguvu kidogo. Picha zipandane sana, kila pahala paonekane kwenye picha tano sita. Tembea pole pole kukata shamba, fika mwisho, sogea mita 20, rudi. Maji yanayotembea yanaichanganya programu, mchanga mkavu na majani yaliyolala yanakubali vizuri.

Na kwa sababu hii ni kesi ya mipaka tia alama za chini. Mifuniko ya ndoo nyeupe sita, itandaze pembeni na katikati, uizamishe kidogo mchangani isipeperuke, halafu pima kwa futi kamba umbali wa kila mmoja kwa mwenzake na uandike. Bila hivo utakuwa na picha nzuri isiyojua mita. Ncha mbili za futi kamba wape wale wawili wanaogombana washike wao. Sikutanii.

mtoto_wa_mwani (Jambiani)

Ripoti ya kwanza, wiki mbili baadae. Tiara ya pembe sita tayari, kitambaa cha bluu na njano nimekipata Paje kwa bei ya kutupa, fundi kashona kaniuliza hii shuka ya nani. Chupa ya mchanga imeruka siku tatu. Siku ya pili ikaanguka, nikagundua ufito mmoja wa kukingama ulikuwa mzito upande wa fundo la mwanzi, nikakwangua kwa kisu mpaka ukalala juu ya kidole. Siku ya tatu imekaa saa nzima kama imepigiliwa msumari.

Kwa sheha nimekwenda. Kauliza mara mbili "na hiyo haina injini?" halafu kasema atakuja kuangalia mwenyewe.

nahodha_mstaafu (Mkokotoni)

Mwezi mchanga keshokutwa. Usiende siku ya kwanza, ya pili na ya tatu yanatoka zaidi.

mtoto_wa_mwani (Jambiani)

Haya jamani tumepiga.

Tulitoka saa mbili na nusu, mie, mdogo wangu wa kapi, binamu wa kuangalia maji, sheha, na kina mama kama kumi na mbili ambao walisema watatoka shambani lakini wote wakabaki, wanataka kuona. Tumevuka mashamba mpaka upande wa bahari, maji ya kifundo cha mguu. Wale wawili wakapewa futi kamba. Mwanzo hawakutazamana, kufika mfuniko wa nne yule mmoja anamwambia mwenzake "vuta basi umelegeza" na mwenzake anacheka.

Tiara ikapanda kwa mkono mmoja. Nikafunga msalaba, simu ikaondoka mkononi inazunguka polepole, na kweli ikalala sawa, mie mwenyewe sikuamini. Nikatembea kama alivyosema mwana_ramani, kwenda na kurudi, gunia la mchanga tunaliburuza watu wawili. Saa nne upepo ukakaza, glavu zikaanza kunukia kuungua, nikasema tushushe. Hapo ndo lilipotokea la kutokea, kapi limenasa kwenye alama ya tepu niliyofunga kwenye uzi ili kuhesabu mita, mdogo wangu akabaki ameshikilia uzi katikati hajui aende wala arudi, na binamu huku anapiga kelele maji maji maji. Tukaikata tepu kwa meno. Simu imefika salama. Alama zinazofuata natia kwa kalamu ya wino, si tepu.

Picha 463. Nilizozitupa ni kama 150, zilizobaki zimeunganika isipokuwa kona ya kaskazini ambako maji yalikuwa bado. Ule mchanga uliohama unaonekana kama ulimi mweupe umelala kati ya mashamba, hata mie niliyezaliwa hapa nilikuwa sijui umbo lake.

Jioni nikaifungua kwenye kompyuta ya skuli, wote wapo. Mama kaishika kioo kwa kidole, kahesabu mapegi kutoka kwenye mfuniko, karudia kuhesabu, kanyamaza. Halafu kasema kwa sauti ndogo, "kumbe letu ndo lililovuka."

mama_wa_kamba (Paje)

Mwambie asilihamishe usiku. Alihamishe bamvua ijayo, mchana, wote wakiwepo.

mtoto_wa_mwani (Jambiani)

Keshaamua hivo hivo mama. Na jirani kataka tiara ipite na upande wake wa kusini, kasema ndo kwenye mchanga mwingi. Fundi, nikiongeza ukubwa mpaka mita 2 na nusu mwanzi utavumilia au nitafute fito za hema?

fundi_kishada (Jang'ombe)

Fito za hema. Nnazo nne hapa, njoo uzichukue Ijumaa baada ya sala.